Muhuri Juu ya Flopi

Bwana Ngailo amefariki, na kundi letu la WhatsApp la wastaafu wa bohari ya Temeke, ambalo siku zote halina jipya zaidi ya maua ya asubuhi njema na dawa za kisukari zisizojulikana zimetoka wapi, limegeuka kanisa. Watu waliokuwa wakimwita Mzee Muhuri akishageuza mgongo sasa wanamwita baba wa kompyuta, nguzo, hazina ya taifa. Mmoja ameandika kwamba bila marehemu Temeke isingeijua kompyuta, na wenzake chungu nzima wakamwekea viganja vya kuomba. Niliyasoma hayo nikinywa chai, nikacheka mpaka chai ikanipalia. Kisha simu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mtu ambaye enzi zile alikuwa akisinzia kwenye dawati la mapokezi mate yakimtoka. "Dada Atupele," akaniambia, "wewe ndo mwanafunzi wake hasa. Sie tumekubaliana wewe ndo utusomee wasifu." Nikasema sawa. Nilisema upesi kuliko mtu anayekaribishwa pilau, na ningekuwa na akili ningejishtukia hapo hapo, maana hiyo ndiyo "sawa" ileile niliyowahi kuisema nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika mwaka ninaotaka kuusimulia hapa. Ya nyumbani kwetu Tukuyu na ya wazazi wangu hayamo. Wao waliniombea, wakanipandisha basi, yakaishia hapo.

Shirika letu lilisambaza majembe, mashoka na vipuri vya pampu mikoani. Lilikufa zamani, kwa hiyo hata nikilitaja jina hakuna atakayeshtuka, na sitalitaja. Bohari yake ilikuwa jengo refu la mabati lenye ofisi tano zilizotenganishwa kwa mbao nyembamba, kiasi kwamba aliye chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha tano anampa pole. Chumba cha mwisho kilikuwa cha kompyuta. Zamani kilikuwa stoo ya makaratasi. Ilipokuja mashine kikapewa zulia jekundu, pazia zito na kiyoyozi pekee katika jengo zima, wakati sisi wengine tulijipepea kwa mafaili. Na kilipewa sheria: kuvua viatu mlangoni. Mkubwa au mdogo, ungeacha viatu vyako nje kama unaingia msikitini, ukakanyage zulia kwa soksi. Kwa hiyo mtu yeyote akipita koridoni alijua nani yuko ndani. Viatu vyeusi vyenye ncha ni vya meneja, Bwana Ngailo. Ndara za buluu ni za Bi Zuhura, karani wa maagizo. Vya mchuchumio, vyekundu, vya mtumba, kimoja kikiwa kimekatika mkanda, vilikuwa vyangu mimi, msaidizi wake.

Nieleze mashine ile ilikuwa inafanya nini, maana vijana wa siku hizi wanadhani kompyuta zilizaliwa zikijua kuongea zenyewe kwa zenyewe. Makao makuu mjini kulikuwa na kompyuta moja kubwa yenye orodha ya kila kitu tulichokuwa nacho. Kompyuta hiyo haikuitambua PC yetu hata kidogo. Ilikuwa inazijua teminali zake tu, yaani skrini na kibodi zisizo na akili zao, za kupokea na kutuma. Kwa hiyo PC yetu iliwekewa programu ya mawasiliano ambayo kazi yake ilikuwa kuigiza: inapiga simu kwa modemu, inapokelewa, halafu inajifanya teminali. Teminali zilikuwa za aina nyingi, na kila aina ilikuwa na lugha yake ya kuambiwa futa hapa, andika pale, shuka mstari. Ndani ya programu kulikuwa na orodha ya aina hizo, nawe unachagua PC yako ijifanye ipi. Ukichagua sahihi, unaona jedwali safi kama limepigwa rula. Ukikosea, unaona mabano, tarakimu na nuktamkato zinamwagika skrini nzima, mistari inapandana, na ukibonyeza mshale wa kupanda juu mashine inakuandikia herufi A. Ni hilo tu. Mtoto wa darasa la saba angeelewa. Bwana Ngailo, aliyekuwa amerudi kutoka kozi ya wiki tatu Ulaya akiwa na koti la sufu alilolivaa Temeke mwezi wa pili, hakuelewa.

Alichokielewa yeye ni ulinzi. PC yetu haikuwa na diski ya ndani. Programu yote ilikaa kwenye flopi, lile bapa jeusi, laini, lenye pengo dogo la mraba ubavuni. Pengo likiwa wazi, mashine inaweza kuandika jambo jipya kwenye flopi. Likizibwa kwa kipande cha gundi, inaweza kusoma tu. Huko Ulaya walimwambia flopi ya muhimu huzibwa isichezewe, na hilo ndilo neno pekee alilorudi nalo, ukiacha koti. Akaiziba wiki ya kwanza. Hakuishia hapo, maana ofisini kwetu kitu kisicho na muhuri hakikuhesabika kuwa kipo. Alipitisha saini yake juu ya ile gundi, akagonga muhuri wa bohari, wino wa zambarau, nusu kwenye gundi nusu kwenye flopi. Flopi ililala kwenye sefu pamoja na bastola ya mlinzi. Kila asubuhi aliitoa, Bi Zuhura akasaini daftari, akavua ndara, akaingia. "Atakayegusa muhuri huu," Bwana Ngailo alitutangazia sote tukiwa tumesimama juani, "amefanya hujuma. Na hujuma mnaijua." Tuliijua. Enzi zile lilikuwa neno la kumpeleka mtu Ukonga, na sisemi Ukonga ya kupanga nyumba, nasema ya gereza.

Nilikuwa napanga kwa huyo Bi Zuhura, Mtoni, chumba cha uani kilichotazamana na jiko. Alikuwa mjane, ana wajukuu watatu waliolala mzungu wa nne kitanda kimoja, na alikuwa amefanya kazi bohari tangu enzi za mashine za chapa. Namba za vipuri alizijua kwa kichwa. Ungemwuliza namba ya washa, kile kipete cha mpira, ya pampu ndogo angekutajia huku akikuna nazi. Ndiye aliyenifundisha kazi, si Bwana Ngailo, wasinidanganye. Jioni tulikula pamoja mkekani, wali wa nazi, mchicha, na samaki aliyekaangwa akakauka vizuri, na kipande kikubwa lazima angenisukumia mimi. "Kula, Atu. Nyie watu wa bara mmezoea viazi, mwili hauna chumvi." Alinicheka ninavyoogopa miiba. Mpaka leo nikisikia harufu ya tui linaloanza kuchemka, natoka jikoni.

Ugonjwa wa mashine ulianza pale makao makuu walipobadilisha mambo yao. Wakapiga simu: kuanzia kesho chagueni aina fulani ya teminali, hifadhini, muendelee. Bwana Ngailo akavua viatu, akaingia na jasho lake, akachagua, akabonyeza kuhifadhi. Chini ya skrini ukatokea mstari wa Kiingereza. Akabonyeza Enter kama anayefukuza nzi, mstari ukaondoka. "Tayari," akasema. "Msiguse." Siku hiyo ikaenda vizuri. Kesho yake, Bi Zuhura alipowasha, mabano na tarakimu tele. Akaitwa Bwana Ngailo, akachagua upya, akahifadhi, akafukuza nzi wake, tayari, msiguse. Kesho yake tena. Wiki tatu! Wiki tatu mtu mzima mwenye shahada anafanya jambo lilelile kila asubuhi na kushangaa kila asubuhi. Na kwa sababu kuna siku Bi Zuhura aliamriwa atume maagizo hivyo hivyo, mistari ikiwa imepandana, Singida waliomba mipini ya mashoka wakapelekewa shehena ya vifuniko vya pampu.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bwana Ngailo siku moja, nimemshikia kitambaa cha kufutia jasho, nikausoma ule mstari kabla hajaufukuza. Ulikuwa unasema, waziwazi, kwamba flopi imezuiwa kuandikwa na kwa hiyo hakuna kilichohifadhiwa. Mashine ilikuwa inamwambia ukweli kila siku, kwa adabu, kwa lugha aliyojidai anaijua kuliko sote. "Samahani, mzee," nikasema, "hapo chini imeandika..." Hakugeuka. "Binti, uliajiriwa kusoma au kufanya kazi?" Nikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Siku chache baadaye nilikuwa nimepakata sahani ya mama ntilie, ugali na dagaa, nikamsikia Bwana Ngailo kupitia ukuta wa mbao akiongea na simu. "Naam, mkubwa. Hapana, mashine haina tatizo. Naiweka sawa mwenyewe kila siku, kesho yake naikuta imeharibiwa. Na daftari linaonyesha nani anaingia wa kwanza... Orodha ya kupunguza watu nimeipata. Jina moja kutoka kwangu? Jina ninalo. Tena huyu si wa kupunguzwa, huyu ni wa kufukuzwa." Tofauti ya maneno hayo mawili kila mtu aliijua. Anayepunguzwa anaondoka na kiinua mgongo na kupeana mikono. Anayefukuzwa kwa hujuma anaondoka na jina baya, na hakuna ofisi Dar es Salaam itakayomfungulia mlango. Jioni ile Bi Zuhura alikuwa akipangusa taa ya chemli, akasema peke yake zaidi kuliko kuniambia mimi, "Haijanichukia mie ile mashine. Mashine haina chuki." Sikumwambia nilichosikia. Nilimwomba chumvi.

Jumatano Bi Zuhura akapewa barua ajieleze. Akapigwa marufuku kuingia chumba cha kompyuta, na ili asizurure akawekwa kwenye benchi koridoni, akisubiri kamati ya Jumatatu. Alhamisi mchana wote walikwenda kula, na benchi lilikuwa tupu. Nikajua amekwenda kuswali adhuhuri. Nikavua viatu vyangu vyekundu, nikaingia. Flopi ilikuwa mdomoni mwa mashine. Nikaitoa, nikaibandua gundi kwa ukucha, taratibu, wino wa zambarau ukanichafua kidole. Nikairudisha, nikachagua aina ya teminali, nikahifadhi. Safari hii mstari wa chini ulisema imehifadhiwa. Nikazima, nikawasha: jedwali safi, kila kitu mahali pake. Nikairudishia gundi, muhuri ukikaa juu ya muhuri mpaka usingeweza kujua. Dakika tano. Nilitoka nikijiona mjanja kuliko wote Temeke. Mashine imepona, nikajiambia, ugomvi umekwisha, Bi Zuhura atarudi kwenye kiti chake, na hakuna atakayeuliza nani kabandua muhuri. Nilitaka kumwokoa bila kusema neno. Sijawahi kuwa mpumbavu kiasi kile, na nimejaribu mara nyingi.

Ijumaa asubuhi Bwana Ngailo aliwasha mwenyewe. Tukasikia kelele, tukadhani amepigwa na umeme. Akatuita wote, mpaka wapakizi wa magari, tuvue viatu tuingie tuone. Koridoni pakawa na lundo la viatu, na ndani harufu ya soksi ikashinda kiyoyozi. "Mnaona?" akasema, ameweka mkono juu ya mashine utadhani kichwa cha mwanawe. "Siku mbili tu mtu fulani hajaingia humu, mashine imepona yenyewe. Kuna anayetaka ushahidi mwingine?" Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Bi Zuhura hakuwa ameitwa. Alikuwa benchini nje, na bila shaka alitusikia.

Jumatatu wakaja wakubwa watatu kutoka mjini, wakakaa upande mmoja wa meza, Bi Zuhura upande wa pili, amevaa baibui lake la sikukuu. Aliulizwa kwa nini mashine iliharibika alipokuwapo na ikapona alipoondolewa. "Sijui, mzee. Mie nimefanya kazi hapa miaka yangu yote, sijawahi kuharibu hata pini." Kisha mwenye miwani akanigeukia. "Binti, wewe unafanya naye kazi. Kuna jambo unalolijua la kuisaidia kamati?" Bi Zuhura alinitazama. Hakunikonyeza wala kuniomba, alinitazama tu, kama anavyomtazama mtoto anayesubiriwa amalize kumeza. Kidole changu bado kilikuwa na alama ya zambarau. Nikakikunja ndani ya ngumi. Kusema kungekuwa kusema nimebandua muhuri, na aliyebandua muhuri alikwishapewa jina la mhujumu. "Hapana, mzee," nikasema. "Kwa hiyo unakubaliana na maelezo ya meneja?" Nikasema sawa.

Jioni, akiwa ameshafukuzwa kazi, alipika kama kawaida. Akanisukumia kipande kikubwa, nikakila, miiba na yote. Baada ya wiki mbili nikahamia Mwenge, nikamdanganya kwamba nataka kuwa karibu na kwaya. Akanifungia vitumbua kwenye gazeti nisije nikasikia njaa njiani. Mwezi uliofuata nikapewa kiti chake. Kabla mwaka haujaisha nikapelekwa kozi, wiki tatu, Ulaya. Nilirudi na koti.

Basi ndiye mimi niliyesimama juzi Ukonga, nyumbani kwa marehemu, kipaza sauti mkononi, turubai likitupa kivuli cha buluu, nikimsomea Bwana Ngailo wasifu wake. Wasifu niliuandika mwenyewe, kwa kejeli. Niliandika kwamba alikuwa mlinzi wa mali ya umma asiye na mfano, kwamba alichokifunga yeye hakikufunguka, kwamba hakuacha jambo lolote litokee mbele yake bila kulishughulikia papo hapo. Nilijichekea moyoni kila sentensi. Watu wakaitikia amina, mjane akalia, na mimi nikarudi nikiridhika kwamba nimemkomesha maiti. Ndani kulikuwa na mikeka ya wanawake. Nikaacha viatu mlangoni, bado ni vyekundu, nikaingia. Mkono mkavu ukanishika kifundo cha mguu. Bi Zuhura. Kadogo, kamekauka, mtandio mweupe, macho yaleyale.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, Atu. Nimeona viatu vyekundu vinavuliwa mlangoni, nikasema ndiye."

Nikakaa. Nikamuuliza amefikaje, akasema mjukuu kamleta. Nikamuuliza kwa nini amekuja, kwa mtu yule. "Msiba haususwi, mwanangu," akasema. Akapangusa ukingo wa mkeka kwa kiganja. "Viatu vyako mlangoni, kama siku ile," akasema.

"Siku gani?"

"Ile Alhamisi. Nilikuwa narudi kutia udhu. Nikaona viatu vyako mlangoni pale, chumba cha kompyuta, na watu wote wamekwenda kula. Nikasema, mtoto anahangaika kwa ajili yangu. Nikageuza njia nisikushtue. Nilikuombea siku ile kwenye sala, Atu, kabla sijajiombea mie. Kesho yake nikasikia mashine imepona."

Nikamwuliza mbona hakusema mbele ya kamati.

"Ningesema mie, wangenisikia? Nilikuwa nakungoja wewe."

"Nisamehe, Bi Zuhura."

"Ile nilishakusamehe zamani. Ulikuwa mtoto, una hofu, nani hana?" Akanyoosha kidole kuelekea nje, kule kwenye kipaza sauti. "Hii ya leo ndo inanishinda. Umri huu wote, Atu. Na yeye hayupo tena, unamwogopa nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba ilikuwa kejeli, kwamba kila sentensi nilimaanisha kinyume chake. Nikaona jinsi jibu hilo lilivyo. Kumbe hata kumdharau Bwana Ngailo nilikuwa nimekufanya kimyakimya, kwa siri, kama nilivyobandua gundi, ili asijue mtu.

Akaomba ainuliwe, mjukuu anamsubiri garini. Nikamshika mkono mpaka mlangoni, nikatafuta viatu vyake kwenye lundo. Ndara za buluu, kama zile. Nikapiga magoti nimvalishe. Akauvuta mguu wake.

"Acha," akasema. "Navaa mwenyewe."